Wanasoma Nini Mlimani? Maoni ya Wasomaji wa Moshi na Swali kwa Mhakiki

Katika semina zetu za fasihi kuna sentensi moja inayorudiwa mpaka imekuwa kama sala: Watanzania hawasomi. Mwanafunzi akiulizwa kwa nini riwaya fulani nzuri haijulikani, jibu ni hilo. Mchapishaji akiulizwa kwa nini hatoi riwaya mpya, jibu ni hilo hilo. Hata sisi tunaoandika katika jarida hili tumeizoea na tunaitumia kufungia mjadala. Mimi naipinga, na sababu yangu haina uhusiano na uzalendo. Naipinga kwa kuwa anayeisema kwa kawaida hajamuuliza mtu yeyote, na aliyeuliza ameuliza vibaya. Mwendee mtu nyumbani kwake umwambie, "Unasoma vitabu?" Atakujibu, "Nani ana nafasi hiyo, mwanangu," huku kitabu kiko pale mezani kimefunika kikombe cha maziwa inzi wasiingie.

Makala haya yanakusudia kueleza watu wa Moshi na vijiji vya mteremkoni wanasoma nini siku hizi, wanasema nini juu ya hayo wanayoyasoma, na kwa nini maneno yao yanatuhusu sisi tunaojiita wahakiki. (Mlima ninaousema ni Kilimanjaro. Wale ambao mmeshapeleka mawazo kule Ubungo, kwenye kilima cha Chuo Kikuu, rudini.) Sikugawa madodoso wala sikuhesabu watu. Nilikuwa nyumbani likizo ndefu, upande wa Marangu, msimu wa kuchuma kahawa, na badala ya swali lile la kawaida nilikuwa nauliza: "Kitabu cha mwisho kukukasirisha ni kipi?" Hili hufungua midomo. Mtu anaona aibu kusema anasoma, lakini haoni aibu kusema amekasirika.

Kwanza tuelewe kitabu kinafikaje huko. Mjini Moshi kuna maktaba ya mkoa, kuna maduka ya vitabu ya madhehebu ambako rafu nyingi zimejaa vitabu vya nyimbo na madaftari, na kuna vitabu vya mitumba vinavyotandazwa chini kwenye turubai. Ukipanda juu, hayo yote yanakwisha. Nyumba nyingi zina Biblia na kitabu cha sala au cha nyimbo, na hivyo ndivyo vinavyosomwa kuliko vingine vyote. Asihesabu wasomaji wa huku mtu asiyetaka kuvihesabu. Baada ya hapo, kitabu kinachopanda mlima kinapanda ndani ya begi la mwanafunzi. Ni kitabu cha shule. Kwa miaka mingi orodha ya fasihi ya kidato cha tatu na cha nne ilikuwa na Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Ngoswe, Wasakatonge na wenzake wachache, na nakala zilizonunuliwa wakati huo bado zipo majumbani, zimepigwa gundi mgongoni, majina ya wanafunzi watatu wanne yamefutwa kwenye ukurasa wa kwanza. Sisi chuoni tunaviita "vitabu vya mtihani" kwa dharau. Mteremkoni hivyo ndivyo maktaba. Kaka akimaliza shule, kitabu kinabaki kwa mdogo wake. Mdogo wake akimaliza, kinabaki kwa mama.

Na hapa kuna jambo lililonichekesha mpaka nikaona si la kucheka tu. Mwanafunzi, kwa sababu ana haraka ya mtihani, anasoma mwongozo. Mwongozo unampa dhamira, wahusika, tamathali za semi, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi, vyote vimekatwa vipande tayari kwa kumezwa. (Sisi huku tunayaita madesa, tusijifanye wageni.) Mama yake hana mtihani, wala mwongozo haumvutii maana hauna hadithi. Kwa hiyo yeye anasoma kitabu. Katika nyumba moja, basi, unakuta mtoto anayeweza kukutajia dhamira saba za kitabu ambacho hajakifungua, na mama aliyekisoma mara mbili asiyejua kwamba kuna kitu kinaitwa dhamira. Nikiulizwa nani kati yao ni msomaji wa fasihi, najua nitakayemchagua.

Kuna bibi mmoja wa Kilema aliyekasirishwa na Takadini. Kitabu hicho, mtakumbuka, ni hadithi ya Ben Hanson inayotokea Zimbabwe, ya mama anayejifungua mtoto zeruzeru na kumkimbiza kijijini ili asiuawe. Hasira ya bibi haikuwa kwa wazee wa kijiji wanaotaka mtoto auawe, hao aliwategemea. Hasira yake ilikuwa kwa wanawake wengine wa nyumba ile. "Wao pia wamezaa," alisema. "Uchungu wanaujua." Zimbabwe hakuijali hata kidogo. Alidhani ni mahali fulani Upareni.

Lakini kitabu kilichozua maneno mengi kuliko vyote ni tamthiliya, nayo ni ya kidato cha tano na sita: Kwenye Ukingo wa Thim ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1988. Hiki nitakaa nacho.

Wengi tunakijua kisa kilicho nyuma yake. Desemba 1986 wakili mashuhuri wa Nairobi, S. M. Otieno, alifariki. Mke wake, Wambui, Mkikuyu, alitaka amzike kwenye shamba lao karibu na Nairobi. Ukoo wa mume, Umira Kager, ukataka azikwe kwao Nyalgunga, Siaya, kwa mila ya Kijaluo. Kesi ikaenda mahakamani, ikapanda mpaka Mahakama ya Rufani, maiti ikakaa miezi mitano haijazikwa, na Mei 1987 ukoo ukashinda. Hussein alikichukua kisa hicho akakigeuza kuwa mchezo wa Herina, mjane anayesimama peke yake mbele ya watu wa mume wake. Thim ni neno la Kijaluo, maana yake pori, nyika. Kwa hiyo jina lenyewe linatuweka ukingoni, mahali ambapo ukiteleza kidogo unaingia msituni.

Binamu yangu aliyemaliza kidato cha sita alinitajia dhamira zake kwa pumzi moja: mgongano wa mila na usasa, nafasi ya mwanamke katika jamii, ukabila, tamaa ya mali. Nikamuuliza, wewe ungemzika wapi? Akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Hilo halipo kwenye mwongozo, dada."

Nakala yake ilikuwa imeshatoka mikononi mwake zamani. Ilikuwa kwa jirani yetu, mama mmoja mjane ambaye mume wake alifia Dar es Salaam miaka michache iliyopita akaletwa nyumbani kuzikwa. Huyu mama alikuwa amekisoma kwa namna ambayo sijawahi kuisikia katika semina yoyote. Alisema Herina ni mjinga. Nilishtuka, maana sisi tumefundishwa kumwona Herina kama mwanamke wa kimapinduzi, na katika mtihani ukisema vinginevyo unajitafutia balaa. Hoja yake ilikuwa hii: "Kwa nini anapigania maiti? Angewaachia maiti yao wazike wanakotaka, walie wachoke, yeye akapigania nyumba. Mimi maiti tulikubaliana kwa simu kabla gari halijafika Chalinze. Maneno yalianza siku ya kuanua tanga."

Jioni hiyo nililipeleka neno hilo kwa mzee mmoja wa ukoo wetu, ambaye naye alikuwa amekisoma, au tuseme amesomewa na mjukuu, maana macho yake hayaoni vizuri herufi ndogo. Alisikiliza, akanywa mbege yake taratibu, akasema: "Huyo mama ana akili. Lakini amekosea mahali pamoja. Kaburi ndiyo nyumba."

Kwa msomaji asiyetoka huku, neno hilo linahitaji maelezo. Mchagga anaishi kwenye kihamba: migomba, kahawa, miti mikubwa ya kivuli, ng'ombe wachache zizini, nyumba katikati, vyote katika kipande kimoja kilichorithiwa kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Kwa desturi, kitinda mimba wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Mpaka wa kihamba huoteshwa masale, mmea ule ule tunaoupeleka kwa mtu tunapomwomba msamaha. Na wafu huzikwa humo humo, ndani ya kihamba, hatua chache kutoka mlangoni. Sasa ardhi imekwisha. Vihamba vimegawanywa kwa wana, wana wamegawia wana wao, mpaka vingine vimebaki vipande vya kuotesha migomba ya kuhesabu. Katika hali hiyo kaburi si mahali pa kuwekea maua. Kaburi la babu ndiyo hati. Mtu akija kukuuliza, "Hapa ni kwako tangu lini?" huleti karatasi, unamwonyesha aliyelala pale. Anayeshika kaburi ameshika udongo unaolizunguka.

Mkilifahamu hilo, tamthiliya inageuka. Sisi darasani tunasoma ugomvi wa maiti kama ugomvi wa mawazo: mila upande huu, usasa upande ule, mwandishi yuko na nani? Yule mama na yule mzee, ambao hawakubaliani, wote wawili wanausoma kama ugomvi wa mali. Kwa mama, maiti ni mtego: ukishughulika nayo, wenzako wanahesabu vitu vya ndani. Kwa mzee, maiti ndiyo mali yenyewe, kwa sababu itakuwa alama ya mpaka. Na nikirudi kwenye kitabu baada ya kuwasikia, naona Hussein aliwatangulia wote. Vitu vya nyumba ya Herina, na watu wanaovikodolea macho, vimo mle tangu mapema. Sisi tunavipita haraka tukikimbilia "mgongano wa tamaduni", maana ndio unaoleta alama.

Najua mhadhiri mmoja wapo atasema: huo ni usomaji wa watu wasiosomea fasihi, wanachanganya kitabu na maisha yao. Ndiyo, wanachanganya. Lakini kuna wataalamu waliojenga nadharia nzima juu ya mchanganyiko huo. Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, Hans Robert Jauss alitoa mhadhara akidai kwamba historia ya fasihi haiwezi kuandikwa kwa kuangalia waandishi na vitabu peke yake. Lazima tumwangalie anayepokea. Kila msomaji, alisema, anakiendea kitabu akiwa na kile tunachoweza kukiita upeo wa matarajio: yale aliyokwisha kuyasoma, aliyokwisha kuyasikia, anayoyajua ya dunia na anayoyategemea. Mwenzake Wolfgang Iser akaongeza kwamba kitabu chenyewe kina mapengo ambayo msomaji ndiye anayeyajaza. Sisi nadharia hii tunaifundishwa, tunaijibia mtihani, tunaitaja kwa jina lake la mwitiko wa msomaji, halafu tunaandika uhakiki ambao msomaji wake ni mtu asiye na kwao, asiye na shamba, asiyewahi kufiwa. Mzee wa Marangu analijaza pengo kwa masale. Msomaji wa Kilwa, alikozaliwa Hussein mwenyewe, atalijaza kwa kitu kingine. Mbona hatuendi kuwauliza?

Niseme na la kwangu, maana limo katika jambo hili nami sitaki kujificha nyuma ya Jauss. Mimi ni binti. Kihamba cha kwetu hakinihusu, au ndivyo ninavyoambiwa, kwa upole na kwa vicheko, kila Desemba tunaporudi "kuhesabiwa". Sheria inasema vingine. Mwaka 1990, Mahakama Kuu huko Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua katika kesi ya Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory kwamba mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo ni ya kibaguzi, na akampa mwanamke haki sawa na mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inatamka usawa wa wanawake na wanaume katika ardhi. Nilimwambia haya jirani yetu mjane. Hakubisha. Aliniuliza tu kama jaji huyo anaweza kuja kukaa naye siku ya kikao cha ukoo. Kwa hiyo nikisoma mtu anaandika kwamba Herina "anawakilisha wanawake wote wanaopigania haki zao", nasema ndiyo, sawa, lakini huyu mmoja anayeishi ng'ambo ya mfereji ameona kosa katika mbinu zake, na amelipa ada ya kuliona.

Tushuke mjini kidogo tupumue. Wanaume hawasomi tamthiliya. Wanasoma riwaya pendwa, zile tulizofundishwa kuziita hivyo ili tusilazimike kuzisoma. Fundi cherehani mmoja karibu na soko ana Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, iliyotoka 1974. Kitabu hakina jalada, na kinaanzia ukurasa wa kumi na kitu. Ameshakisoma mara nyingi hata hajui ni mara ngapi, na mwanzo uliokatika ameutunga mwenyewe akawasimulia wateja. Nilimuuliza kinachomvuta kwa Willy Gamba ni nini. Nilitegemea atasema bastola, au wanawake. Akasema: "Hana ndugu, mangi wangu." Akanifafanulia. Willy Gamba hapigiwi simu kwamba mjomba amelazwa, hatoi mchango wa harusi, hakai kwenye msiba siku nne huku kazi za watu zimelala. Anaamka asubuhi anafanya kazi moja mpaka inakwisha. Nimesoma makala nyingi zinazozieleza riwaya za kijasusi kwa utaifa, kwa ukombozi wa kusini mwa Afrika, kwa kuiga sinema za nje. Hayo yote yamo. Ila upweke wa shujaa kama starehe, kama likizo kutoka kwa ukoo, sijauona ukiandikwa, nao ameuona mtu mwenye tepu shingoni. Vijana wa kijiweni jirani yake hawana kitabu chochote. Wanasoma hadithi za simu, zinazotumwa vipande vipande kwenye makundi, na kipande kinapokatikia patamu unalipa ili upate kinachofuata. Hadithi za magazetini zilikuwa hivyo hivyo, tofauti ni kwamba ya gazeti ulifungia vitumbua ukishamaliza.

Kitabu kipya nilikipandisha mimi mwenyewe. Peponi ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah, riwaya ya 1994, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobel. Nilitaka kuona watapokeaje, kwa sababu sehemu moja ya riwaya hii ni ya kwetu. Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani na baba yake kwa deni la tajiri Aziz, anaachwa kwa mfanyabiashara Hamid katika mji ulio chini ya mlima wenye theluji. Riwaya haina haja ya kututajia jina; mlima wa namna hiyo tunauona kila asubuhi mawingu yakiruhusu. Hapo yumo Kalasinga, fundi Singasinga, mcheshi kuliko wote, anayetaka kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili.

Nilimwazima mwalimu mstaafu wa Old Moshi, mtu wa vitabu, ambaye bado anasahihisha Kiswahili cha watangazaji kwa sauti kubwa akiwa peke yake sebuleni. Alikaa nacho wiki mbili. Alipokirudisha alisifu tafsiri kwanza, hasa mazungumzo ya wafanyabiashara wakitaniana. Alisema Kiswahili chake kinanukia karafuu. Halafu akanyamaza. Halafu: "Sisi tuko wapi humu?"

Nikasema, mwalimu, mji wenyewe si wa hapa hapa? Akasema mji ni wa hapa, na mlima ni wa hapa, theluji ni ya hapa. Watu si wa hapa. Wanaozungumza ni wa pwani, na Mhindi. Wenyeji wanapita kwa mbali, na wanaitwa washenzi. Mtu wa bara anayepewa nafasi ya kujieleza kwa urefu ni Chatu, naye yuko mbali mno, na amepewa nafasi hiyo baada ya kuushika msafara na mali yake. "Na huu ni wakati gani?" akaniuliza kama yuko darasani. Ni miaka ya Wajerumani, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. "Basi mwaka 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli hapa, Old Moshi, na wenzake. Yusuf anakuja mjini watu bado wana kilio hicho. Hajasikia hata mmoja akilia?"

Nilimtetea Gurnah, na bado namtetea. Riwaya imeshikilia macho ya Yusuf, na Yusuf analetwa na watu ambao kwao bara ni bidhaa na hatari. Neno "washenzi" ni lao, na mwandishi anatuachia tusikie jinsi linavyonuka. Ukimya wa wenyeji ni sehemu ya anachokionyesha. Mwalimu alikubali nusu. Alisema mwandishi anaweza kuonyesha upofu wa mtu, lakini msomaji ambaye ndiye hakuonwa ana haki ya kukohoa. Sijapata jibu la hilo. Makala ninazozijua juu ya Paradise zinaitazama Bahari ya Hindi, zinaitazama misafara, zinamtazama Conrad. Ningependa kuiona moja iliyoandikwa na mtu aliyekaa upande wa mlima akikohoa.

Mwalimu huyo huyo ndiye aliyenionyesha Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, cha Petro Itosi Marealle, kilichotoka kwanza mwaka 1947 na kutolewa tena na Mkuki na Nyota 2002. Hiki huwezi kukiita riwaya. Mwandishi, mangi wa Vunjo, anaeleza desturi: kuzaliwa, malezi, ndoa, kifo, na yanayofuata kifo. Chuoni nilikuwa nimekiona kikitajwa na watu wa historia tu. Mteremkoni kinasomwa kwa namna mbili ambazo zinagombana. Wazee wanakisoma kama sheria: hivi ndivyo inavyotakiwa kufanywa, imeandikwa, na aliyeandika alikuwa mangi. Wengine, na hapa namrudia jirani yangu mjane ambaye kumbe alikuwa amekisoma pia, nakala ya fotokopi, wanakisoma kama hesabu. Anaangalia nani anapewa nyama gani, nani anakaa wapi, nani anatajwa mwisho. "Wanawake tumo," aliniambia. "Tunapika kila ukurasa." Kwa maoni yangu hamtendei haki Marealle, aliyeandika Kiswahili safi, mtulivu, na aliyejali kuhifadhi mambo ambayo wamisionari walikuwa wameshaanza kuyaandika kwa Kijerumani. Lakini pia sijui darasa gani la nadharia ya ufeministi lingemfundisha kuuona ule moshi wa jikoni haraka kiasi hicho.

Sasa, kwa wanafunzi wenzangu, nina pendekezo ambalo halihitaji fedha za utafiti. Kila mmoja wetu ana nyumbani. Kitabu unachokiandikia tasnifu, kipeleke. Kiache mezani wiki mbili, usikieleze, usiseme mwandishi ni nani wala amepata tuzo gani, halafu uliza kimemkasirisha nani. Yaandike maneno yao kama walivyoyasema, na uyaweke katika uhakiki wako kama hoja zinazojibiwa, jinsi tunavyowajibu maprofesa. Kuna hatari: watu wa nyumbani wanapenda kukufurahisha, na wengine watasema kitabu ni kizuri kwa sababu umekileta wewe. Vilevile usiwafanye malaika. Yule mzee wa kaburi na nyumba, hoja yake ni kali, lakini ni hoja inayomfaa yeye, mwenye kaburi na mwenye nyumba. Msomaji wa kijijini ana maslahi yake kama mhakiki wa chuoni alivyo na yake, na kazi ya uhakiki ni kuyataja yote mawili kwa jina.

Kabla sijarudi chuoni, jirani yangu aliniuliza kama kuna kitabu ambamo mjane anashinda. Nilifikiri njia nzima kutoka kwake hadi kwetu. Nilichokuwa nacho kwenye begi ni Nguzo Mama ya Penina Muhando, ya 1982, na humo pia mmoja wa wanawake anafiwa na mume, na ndugu wa mume wanakuja kugawana mali. Nguzo yenyewe, mnajua, inavutwa na wanawake wa kijiji cha Patata wanaoshindwa kuvuta kwa pamoja. Nilimwambia ukweli, kwamba humo hashindi mtu. Akasema nimwachie tu. Nimesikia kwa simu kwamba amefika katikati, kwamba ana ugomvi na wanawake wa Patata kwa sababu hakuna anayeshika kamba akanyamaza, na kwamba kwa sasa kitabu kipo kwa wifi yake, aliyekiomba bila kusema anakitakia nini.